Mjadala: Redio zetu zitangaze kwa lugha za makabila, au Kiswahili kinatosha?

Ngosha wa Igoma (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Hoja hii najua itaniletea maadui, lakini acha niilete. Kanuni za utangazaji za nchi yetu zinataka redio na televisheni zitumie Kiswahili au Kiingereza. Ukitaka lugha nyingine, ni mpaka mamlaka ikupe kibali. Ndiyo maana hapa Mwanza ukiwasha redio usiku utamsikia mtu wa Dar, utamsikia mtu wa London, na ukibahatisha masafa utamsikia hata Mkongo anaongea Kilingala. Kisukuma hukisikii, isipokuwa ndani ya wimbo. Na wimbo ukiisha, mtangazaji, ambaye ni Msukuma mwenzangu, tena wa Kwimba, anaanza kutueleza kwa Kiswahili kile wimbo ulichokuwa unasema. Sisi wote tunaomsikiliza tulishaelewa zamani.

Atlasi ya lugha iliyotolewa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009 ilitukadiria kuwa zaidi ya milioni tano, na tangu hapo hatujakaa bure. Iceland nzima haifiki watu laki nne, na wanasikiliza habari, mpira na hali ya hewa kwa lugha yao.

Nisieleweke vibaya. Sitaki Kisukuma kiwe lugha ya shule, wala ya mahakama, wala ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Ninachotaka ni redio za jamii, zile ndogo za wilayani, ziruhusiwe saa chache kwa siku kutangaza kwa lugha ya watu wa pale. Bei ya pamba, siku ya mnada, kipindupindu kikiingia kijijini, bibi asisubiri mjukuu arudi kutoka shule ndipo atafsiriwe. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inatuhimiza tuzienzi lugha zetu za asili. Sasa nitaienzi vipi lugha ambayo ikipita kwenye kipaza sauti inahitaji kibali?

Nawasilisha. Matusi wekeni pembeni, leteni hoja.

Kipanga wa Bugando

Naunga mkono. Wabeja, ngosha.

Mwalimu Chausiku

Mleta mada, nimesoma mara mbili ili nisikuonee. Bado nakupinga.

Mimi ni Mbondei wa Muheza. Serikali ilinipeleka kufundisha Nachingwea, kisha Kasulu, kisha Iringa. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mhaya. Kote huko sikuhitaji mkalimani wala sikuulizwa kabila langu kabla ya kupewa nyumba ya kupanga. Hilo vijana mnalichukulia kama hewa, kwamba lipo tu. Halikuwapo tu. Mwanzoni mwa 1967 Makamu wa Pili wa Rais, Kawawa, alipotangaza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) ikaundwa mwaka huohuo, kulikuwa na watu wenye elimu zao waliocheka. Kazi ile ilifanywa na walimu, redio, majeshi, ofisi za chama na madaftari ya elimu ya watu wazima. Redio ilikuwa katikati yake.

Na kazi haijaisha. Kiswahili kimeingia kuwa lugha ya mahakama kwa sheria mwaka 2021, juzi tu. Sera ya elimu ya 2014 ilitaka kitumike ngazi zote, lakini toleo la 2023 likaiacha sekondari mikononi mwa Kiingereza. Yaani lugha yenyewe ya taifa bado inapigania chumba ndani ya nyumba yake, halafu wewe unataka tugawe redio kwa makabila zaidi ya mia na ishirini.

Na watoto wangu wawekwe kwenye redio ipi? Ya Kibondei au ya Kihaya? Mijini nusu ya watoto wamezaliwa na wazazi wa makabila mawili. Lugha yao ya mama ni Kiswahili. Mama yao ndiye alikizungumza.

Mwisho, tazama jirani. Kenya walifungulia. Mwaka 2007 na 2008 tuliona ghasia za baada ya uchaguzi. Mtangazaji wa Kass FM alifikishwa hadi The Hague.

Kamba wa Mlolongo

Mwalimu, shikamoo. Kwa kuwa Kenya imetajwa, acha Mkenya ajibu.

Ni kweli Joshua arap Sang wa Kass FM alishtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Ni kweli pia kwamba mwaka 2016 majaji walio wengi waliisitisha kesi hiyo bila hukumu ya kumtia hatiani. Ripoti ya Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilizitaja redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea, na hakuna anayebisha kwamba simu za wasikilizaji zilirushwa hewani zikiwa na sumu. Lakini tazama Kenya ilifanya nini baadaye. Haikuzifunga. Ilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008, ambayo inaadhibu maneno ya chuki, uyatamke kwa Kikamba au kwa Kiingereza. Na wanasiasa wengi tuliowasikia wakitukanana tangu hapo walitukanana kwa Kiswahili sanifu kabisa, mbele ya kamera.

Kameme ilianza 2000, kwa Kikuyu. Leo kila jamii kubwa ina kituo: Wajaluo, Waluhya, Wakalenjin, Wakisii, Wameru. Mamangu kule Mwingi anasikiliza Musyi FM asubuhi hadi usiku. Hapo ndipo anajua mvua itaanza lini na nani amefiwa. Korona ilipoingia, matangazo ya kunawa mikono na kukaa mbali yaliyomfikia yeye yalikuwa ya Kikamba. Yale ya kutoka Nairobi alisema ni ya watu wa Nairobi.

Jambo moja tu nawapa kama onyo, na si lile mnalolifikiria. Musyi ya Wakamba, Inooro ya Wakikuyu, Ramogi ya Wajaluo, Mulembe ya Waluhya, Egesa ya Wakisii, zote ni za kampuni moja, Royal Media. Mkifungua, msije mkashangaa mkiona kabila lenu limekuwa kipengele kwenye orodha ya bei za matangazo.

Ngosha wa Igoma (mleta mada)

Mwalimu, marahaba kwa niaba ya Kamba (natania, shikamoo na mimi).

Umesema hukuulizwa kabila ukipanga nyumba. Nakubaliana nawe, na ni sifa kubwa ya nchi hii. Ila je, ingekuwa tofauti kama mwenye nyumba wa Kasulu angekuwa anasikiliza saa moja ya Kiha jioni? Angekunyima chumba kwa sababu hiyo?

Na mfano mwingine mnaujua. Hayati Magufuli akifika Kanda ya Ziwa alikuwa akipanda jukwaani anachanganya Kisukuma, anatania, watu wanalala kwa kicheko. Nchi haikupasuka.

Mchungaji Njaa

Haikupasuka, ila tulipata msamiati mpya wa "Sukuma Gang", wa kuwaita watu wake wa karibu, mkuu. Usiruke hapo.

Kipanga wa Bugando

Msamiati huo ulitungwa kwa lugha gani vile? Sikumbuki kama ni Kisukuma.

Mwana Bukavu

Ndugu zangu wa Tanzania, niruhusuni. Nawasoma toka Kivu ya Kusini.

Mnaongea kama vile lugha ndiyo inaleta vita ao amani. Sisi tumekaa mlango kwa mlango na Rwanda. RTLM, redio iliyochochea mauaji ya kimbari, ilianza kurusha mwaka 1993, kwa Kinyarwanda, na Kinyarwanda ni lugha ya Wahutu, ya Watutsi na ya Watwa. Wote lugha moja. Wauaji na waliouawa waliombana chumvi kwa lugha moja miaka yote. Somalia pia, karibu nchi nzima Kisomali, dini moja, na serikali ilivunjika 1991. Kwa hiyo Mwalimu, Kiswahili kimewasaidia sana, sikatai, lakini kuna mambo mengine mlifanya pamoja nacho, na sifa zote mmekipa chenyewe.

Kwetu Kongo Katiba inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, na Kifaransa juu yao. Nilipokuwa mtoto, Kilingala ku Bukavu kilikuwa lugha ya askari wa Mobutu. Ukikisikia barabarani unaficha pesa. Halafu 1997 jeshi la Kabila likaingia Kinshasa, na watu wa Kinshasa wakaanza kuogopa Kiswahili, kwa sababu kwao ndicho kilikuwa lugha ya mwenye bunduki. Lugha ileile ninyi mnayoipenda kama mama.

Radio Okapi, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoanza 2002, haikuchagua moja. Inatangaza kwa Kifaransa na hizo lugha nne. Habari moja, lugha tano, na hakuna mtu wa Mbuji-Mayi aliyekasirika kwa sababu mtu wa Goma ameisikia kwa Kiswahili. Mashi, lugha ya wazazi wangu, haimo katika hizo tano. Tunaisikia kwenye redio ndogo za mtaa. Mnaona? Hata nchi yenye lugha nne za taifa ina watu wanaobaki mlangoni.

Anko Takwimu

Mada imenifikia pazuri. Watu wengi hapa wanajadili kana kwamba Tanzania ndiyo ya kwanza kukutana na jambo hili. Tuzunguke dunia kidogo.

Dunia ina lugha zaidi ya 7,000 na karibu theluthi moja ziko Afrika. Ulaya ndiyo maskini, haifiki hata 300. Lakini ukiuliza lugha kubwa ya kila bara, utakuta karibu zote zilipandishwa na dola, jeshi, dini au biashara. Amerika ya Kusini, Kireno kinakaribia nusu ya watu wote kwa sababu ya Brazili peke yake, kilichobaki kikubwa ni Kihispania, na zote mbili zilikuja na meli. Ulaya, lugha yenye wazawa wengi zaidi ni Kirusi. Afrika, kwa lugha ya kuzaliwa nayo, Kiarabu kinatuzidi wote. Ile milioni 200 ya Kiswahili ambayo UNESCO huitaja inajumlisha kila aliyejifunza njiani. Waliozaliwa nacho ni sehemu ndogo. Sisemi kwa dharau. Hiyo ndiyo nguvu yake.

Anayenivutia zaidi ni Mwindonesia. Lugha kubwa kule ilikuwa Kijava, lugha ya karibu nusu ya watu. Vijana wa mwaka 1928 walipokula kiapo cha nchi moja, taifa moja, lugha moja, hawakuchagua Kijava. Walichagua Kimalei, lugha ya bandarini, ya wachache, isiyo na mfalme wa kuogopwa. Inawakumbusha kitu? Sisi nasi tuliwaacha Wasukuma na wingi wao, tukachukua lugha ya pwani. Ila leo Indonesia yenye lugha zaidi ya 700 haimzuii Mjava kusikiliza habari kwa Kijava. India hivyohivyo: redio ya serikali yenyewe inatangaza kwa lugha 23 na lahaja 179, na kwa fujo zote za India, hakuna aliyesema nchi itavunjwa na taarifa ya hali ya hewa.

Wanaokaza kamba mno ndio huikata. Mwaka 1952 Pakistani iling'ang'ania Kiurdu kama lugha pekee ya taifa, wakati walio wengi walikuwa Wabengali. Tarehe 21 Februari polisi wakafyatulia risasi wanafunzi Dhaka. Nchi ile ikaja kugawanyika 1971, na tarehe hiyo ndiyo UNESCO ikaifanya Siku ya Lugha ya Mama. Mwaka 2010 Guangzhou, China, ilitosha tu kupendekeza kwamba televisheni ya mji ihame kutoka Kikantoni kwenda Kimandarini kabla ya Michezo ya Asia. Watu waliingia barabarani. China! Kikantoni kina wasemaji zaidi ya milioni 60 na bado waliogopa kumezwa.

Na kwa wale wa "lugha ndogo haina faida": Greenland ina watu kama 57,000. Ni uwanja wa Mkapa ujae. Kigrinlandi ndiyo lugha pekee rasmi tangu 2009 na wana shirika lao la utangazaji.

Mchungaji Njaa

Wanalipiwa na Denmark, Anko. Malizia sentensi.

Anko Takwimu

Sehemu kubwa, ndiyo. Umenipata hapo. Ila hoja ya nani alipe ni tofauti na hoja ya nani azuie.

Mpemba Mkaidi

Nyie wa bara mna raha, mnagombania makabila. Siye tuna lahaja. Mtu wa Makunduchi akikishusha Kikae chake haswa, mie wa Wete natafuta mkalimani, na wote wawili kwenye karatasi twaitwa Waswahili.

Hicho Kiswahili mnachokilinda kwa kanuni, mwajua kilipatikana vipi? Wakoloni walikutana Mombasa 1928 wakaamua Kiunguja, tena cha mjini, ndicho kiwe sanifu. Kimvita chenye mashairi yake ya miaka na miaka kikaambiwa kaa pembeni. Kiamu vilevile. Basi ndugu yangu Ngosha usilie peke yako. Kiswahili kilianza kumeza nyumbani kwao kwanza. BAKIZA, baraza la Kiswahili la Zanzibar, angalau wamechapisha kamusi za lahaja zetu. Redioni twaachiwa vichekesho tu. Ukitaka kumsikia Mpemba redioni msubiri awe mhusika mjinga katika mchezo wa kuigiza.

Mwalimu Chausiku

Mpemba umenichekesha, lakini hilo la vichekesho ni kweli, na ni aibu.

Anko, mifano yako ni mizuri ila umeruka mmoja. Afrika Kusini. Radio Bantu ilianzishwa 1960 na serikali ya makaburu. Mzulu apewe redio yake, Mxhosa yake, Msotho yake, kila mtu asikie kwamba yeye ni wa kabila lake na kwao ni kijijini. Redio za makabila zilikuwa chombo cha ubaguzi, na zilisifiwa kwa maneno hayahaya matamu: kuenzi utamaduni. Ndiyo maana mtu wa rika langu akisikia "redio ya lugha ya kabila" anauliza kwanza, kwa faida ya nani?

Ngosha wa Igoma (mleta mada)

Mwalimu, hapo umepiga penyewe. Lakini makaburu walipoondoka, wenyewe walifanya nini na redio zile? Hawakuzifunga. Ya Kizulu ndiyo Ukhozi FM ya leo, na ndiyo yenye wasikilizaji wengi kuliko redio yoyote Afrika Kusini, mamilioni. Katiba ya 1996 ikataja lugha rasmi 11, na mwaka 2023 wakaongeza lugha ya alama. Chombo kilekile, mwenye nacho mwingine.

Hawa wa Swansea

Nawasalimu kutoka Wales, ambako nauguza wazee wa watu.

Nilipofika nilidhani nimekuja Uingereza ya Kiingereza. Kumbe kuna wazee wodini ambao ugonjwa wa kusahau ukiwazidi, Kiingereza kinatoka kwanza na Kiwelshi kinabaki. Tunatafutana nani anakijua. Kwa hiyo habari ya bibi ya Ngosha siichezei.

Watu hawa hawakupewa televisheni yao bure. Serikali ya Margaret Thatcher iliahidi kituo cha Kiwelshi kisha ikageuka. Mwaka 1980 mwanasiasa mmoja mzee, Gwynfor Evans, akatangaza kwamba atagoma kula mpaka afe. Serikali ikaona bora iwape. S4C ikaanza kurusha 1982, na bado ipo.

Lakini nawaambia na upande wa pili, maana hapa naona mnaamini redio kupita kiasi. Sensa ya 2011 ilisema asilimia 19 ya watu wa Wales wanajua Kiwelshi. Ya 2021 ikasema 17.8. Kituo kipo, shule zipo, vibao vya barabarani viko kwa lugha mbili, na idadi imeshuka. Ireland ndiyo zaidi: Kiairishi ni lugha ya kwanza rasmi kwa Katiba, redio yake ipo tangu 1972, na wanaokizungumza kila siku nje ya darasa ni kama 72,000 tu katika nchi ya milioni tano. Redio haizai watoto wanaoongea. Mama na baba ndio wanaozaa. Ngosha, watoto wako wanaongea Kisukuma?

Ngosha wa Igoma (mleta mada)

Dada Hawa, wanaelewa. Kuongea wanaona aibu. Mkubwa ananijibu kwa Kiswahili cha Dar ambako hajawahi kufika.

Hawa wa Swansea

Basi anzia hapo. Aibu hiyo ndiyo redio inaweza kuiondoa, na sidhani kama inaweza kufanya kingine. Mtoto akisikia mpira unatangazwa kwa Kisukuma, goli likaingia kwa Kisukuma, hataona tena kwamba ni lugha ya msibani.

Gwaatl'a wa Mbulu

Nimewasoma wote kimya kimya na naona mmekaa upande mmoja wa barabara mkitazama upande mmoja. Mnadhani anayemeza lugha ndogo ni lugha kubwa ya taifa. Njooni huku.

Kisuba cha Ziwa Viktoria upande wa Kenya kimemezwa na Kijaluo. Wayaaku wa Mukogodo walihamia Kimaasai. Waelmolo wa Ziwa Turkana walihamia Kisamburu. Katika yote hayo Kiswahili hakikunyanyua hata mkono. Jirani mwenye ng'ombe wengi ndiye aliyemeza. Mimi ni Mwiraqw, na nitasema lililo kweli: sisi nasi ni jirani mwenye ng'ombe wengi.

Hapa kwetu, bonde la Yaeda Chini mpaka kandokando ya Ziwa Eyasi, wapo Wahadza. Ni kama elfu moja wanaozungumza lugha yao, lugha isiyo na ndugu yeyote anayejulikana duniani. Wataalamu wanaitembelea kutoka mabara yote. Na ajabu yake ni hii: watoto wao wanaizungumza. Ngosha ana watu milioni tano na mwanawe anaona aibu. Mhadza ana elfu moja na mwanawe anaicheza. Kwa hiyo hizo hesabu za Anko za nani ana mamilioni mangapi hazitupi habari muhimu. Na serikali yenyewe haina hesabu, maana baada ya ile ya 1967 sensa yetu haimuulizi mtu kabila.

Sasa fungueni leseni kama anavyotaka mleta mada. Nini kitatokea? Kamba wa Mlolongo ameshasema. Wafanyabiashara watafungua redio ya Kisukuma, ya Kichagga, ya Kihaya, labda na ya Kiiraqw, kwa sababu tuna vitunguu, ng'ombe na maduka. Ya Kihadza haitafunguliwa kamwe. Nani atatangaza sabuni kwa watu elfu moja ambao utajiri wao ni asali na mizizi? Halafu Mhadza anayetaka kujua kama barabara imekatika atawasha redio, na atakuta Kiiraqw mchana kutwa. Mtakuwa mmemharakishia kile ambacho Kiswahili hakijafanikiwa kukifanya.

Sipingi. Nasema tu kwamba ukiiacha kwa soko, redio za makabila zitakuwa redio za makabila makubwa. Afrika Kusini waliliona hilo. Shirika lao la umma lina kituo kinachoitwa X-K FM, huko Platfontein karibu na Kimberley, kinatangaza kwa lugha za Waxun na Wakhwe, watu elfu chache tu waliohamishiwa pale baada ya vita vya Angola na Namibia. Hakuna mfanyabiashara angekianzisha. Kinalipiwa na shirika la umma.

Kamba wa Mlolongo

Gwaatl'a amesema. Niongeze moja: kisiwani Mfangano kuna redio ya jamii inayotangaza kwa Kisuba. Ndogo, antena yake ni fupi. Lakini ilibidi iwe ya jamii, haikutoka kwa kampuni kubwa.

Mwalimu Chausiku

Hoja hii ya Mbulu ndiyo ya kwanza kunigusa tangu mjadala uanze. Bado siamini redio za biashara za makabila, na nikiona moja nitaipinga kwa jina langu kamili. Nyie mnafikiri siasa zitalala? Mwaka wa uchaguzi kila mgombea atataka saa yake ya kilugha, aahidi kule asichoweza kuahidi kwa Kiswahili mbele ya wengine. Hilo ndilo linaloniogopesha, na hakuna hata mmoja wenu aliyelijibu. Mikutano ya hadhara tunaisikia wote kwa sababu ni Kiswahili. Nani atamsikiliza mgombea aliyeongea Kimakonde saa kumi na moja alfajiri?

Kipanga wa Bugando

Wamakonde watamsikiliza, mwalimu. Na wao wana wajomba Dar wenye simu za kurekodi.

Mwalimu Chausiku

Kijana, nimecheka, lakini hukujibu. Mitambo ya mamlaka inayofuatilia vipindi ina watu wanaojua lugha ngapi? Kenya walijifunza hilo kwa damu. Maneno yaliyopita hewani yalieleweka na majirani kabla hayajaeleweka na serikali.

Mwana Bukavu

Hilo kweli, mama. Radio Okapi wana wahariri wa kila lugha katika chumba kimoja. Habari inaandikwa mara moja, inasomwa mara tano. Redio isiyo na mhariri wa pili anayejua lugha ile, isipewe.

Ngosha wa Igoma (mleta mada)

Mwalimu, swali lako la uchaguzi nalipokea hivi: kipindi cha siasa kibaki Kiswahili, marufuku kilugha kuanzia kampeni zinapofunguliwa hadi matokeo. Naweza kuishi na hilo. Na sharti la Mwana Bukavu la wahariri wawili nalichukua lilivyo.

Halafu nimekumbuka, kanuni yenyewe ina mlango: "isipokuwa kwa kibali". Tunalalamika kuhusu ukuta ambao una mlango, na simjui mtu hapa Kanda ya Ziwa aliyewahi kugonga. Kuna redio ya jamii huku kwetu ambayo meneja wake nafahamiana naye. Nitamshawishi tuombe saa mbili kwa siku. Kilimo, afya, misiba na mpira. Gwaatl'a, huko kwenu je, kuna redio inayoweza kuomba kwa ajili ya Yaeda Chini?

Gwaatl'a wa Mbulu

Inaweza. Ugumu hautakuwa kibali, utakuwa mtangazaji. Vijana wa Kihadza waliomaliza kidato cha nne wapo, ila mshahara wake ataulipa nani baada ya mfadhili kuondoka?

Mchungaji Njaa

Wasukuma milioni tano watoe buku buku.

Mwalimu Chausiku

Mchungaji leo umesema kitu. Ngosha, andika hiyo barua, nitumie niisome kabla hujaipeleka, Kiswahili chako kina makosa ya ngeli. Na kama mtapata vibali viwili, saa ya Wahadza isiwekwe usiku wa manane.